SOMO LA TEKNOLOJIA: Tengeneza Programu ya Kuhesabu Malipo ya Nyanya

Ukipita Kimana wakati wa mavuno utaona kreti za nyanya zimepangwa kando ya barabara zikingoja lori. Mahali pengi malipo ya mkulima huandikwa kwenye daftari na kujumlishwa kwa kalkuleta. Tarakimu moja ikikosewa, kunazuka ugomvi kati ya mkulima na mwekahazina wa kikundi. Somo hili linaonyesha jinsi kijana mwenye kompyuta ya kawaida anavyoweza kukitengenezea kikundi chake programu ndogo ya kuhesabu malipo hayo bila kutegemea intaneti.

Karakana ya programu

Fundi wa jua kali hufanya kazi vizuri akiwa na nyundo, msumeno na mashine ya kuchomelea mahali pamoja. Mtengenezaji wa programu pia ana karakana yake, ambayo kwa kifupi huitwa IDE. Ndani yake mna ubao wa kuchora dirisha la programu, mahali pa kuandika maagizo, kifaa cha kugeuza maagizo hayo yawe programu kamili, na kifaa cha kutafutia makosa.

Ziko karakana nyingi. Visual Basic ya Microsoft, iliyotoka mwaka wa 1991, ndiyo iliyofundisha wengi kuchora dirisha kwanza kisha kuandika maagizo ya kila kitufe. NetBeans ilianza mwaka wa 1996 kama mradi wa wanafunzi mjini Prague. Katika somo hili tutatumia Lazarus. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Ukishaipakua mara moja kutoka lazarus-ide.org, unaweza kuitumia bila intaneti.

Kabla ya kugusa kompyuta

Anza na daftari la kikundi. Chukua malipo moja ya zamani ambayo kila mtu anakubali yalikuwa sahihi. Tuseme mkulima alileta kreti 14, bei ikiwa KSh 1,200 kwa kreti, na kikundi kikakata KSh 50 kwa kila kreti kwa ajili ya usafiri. Mkulima alilipwa KSh 16,100. Andika jibu hilo kwenye karatasi na uliweke kando. Ndilo litakalotumika kuipima programu yako.

Kisha waulize viongozi wa kikundi swali hili: makato ni ya kila kreti, au ni ya mara moja kwa mzigo wote? Kompyuta haiwezi kukujibia. Yangekuwa ya mara moja, mkulima huyo angepata KSh 16,750. Tofauti ni KSh 650 kwa mtu mmoja na kwa siku moja tu.

Hatua kwa hatua

1. Fungua Lazarus, chagua "New Project", kisha "Application". Litatokea dirisha tupu liitwalo Form1. Hifadhi kazi yako mara moja kwenye folda yake yenyewe.

2. Kwenye safu ya vifaa iliyo juu, chagua TEdit na uviweke visanduku vitatu kwenye dirisha. Weka pia TLabel moja ya kuonyesha jibu na TButton moja. Kando ya kila kisanduku ongeza TLabel ya maelezo: Kreti, Bei, Makato.

3. Kwenye sehemu iitwayo Object Inspector, badilisha "Name" ya visanduku iwe TxtKreti, TxtBei na TxtMakato, na ile ya jibu iwe LblMalipo. Futa maandishi yaliyo ndani ya visanduku. Badilisha "Caption" ya kitufe iwe Hesabu.

4. Bofya kitufe hicho mara mbili. Lazarus itakupeleka mahali pa kuandika maagizo. Juu ya neno begin, andika:

var
  Kreti, Bei, Makato, Malipo: Integer;

Kati ya begin na end, andika:

if not (TryStrToInt(TxtKreti.Text, Kreti)
  and TryStrToInt(TxtBei.Text, Bei)
  and TryStrToInt(TxtMakato.Text, Makato)) then
begin
  ShowMessage('Jaza nafasi zote kwa tarakimu, bila koma.');
  Exit;
end;
Malipo := Kreti * (Bei - Makato);
LblMalipo.Caption := 'KSh ' + IntToStr(Malipo);

5. Bonyeza F9. Kama hujakosea mahali, programu itafunguka. Ukiwa umekosea, Lazarus itakuonyesha mstari wenye kosa. Mara nyingi ni nukta mkato iliyosahaulika.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Andika 14, 1200 na 50. Ni lazima upate KSh 16100, sawa na ile karatasi uliyoweka kando. Ukipata 16750, umeacha mabano kwenye hesabu.

Sasa jaribu kuikosesha. Acha nafasi moja wazi, kisha andika "kumi" badala ya 10. Mara zote mbili programu inapaswa kukataa. Halafu andika -14. Utashangaa kuona inakubali na kusema mkulima anadaiwa KSh 16,100! Umeambia kompyuta ihakikishe kwamba ni tarakimu, lakini hukuiambia kwamba kreti haziwezi kuwa pungufu ya moja. Rekebisha kwa kuongeza mistari hii chini ya lile sharti la kwanza:

if Kreti < 1 then
begin
  ShowMessage('Idadi ya kreti si sahihi.');
  Exit;
end;

Baada ya hapo, chukua kurasa za wiki nzima kutoka kwenye daftari na uziingize zote. Jibu lolote likitofautiana, usiharakishe kulilaumu daftari wala programu. Keti na mwekahazina mkague pamoja. Kwa majuma machache ya kwanza, tumieni daftari na programu sambamba.

Kuitumia kwa usalama

Kwenye Windows, Lazarus hutoa faili yenye mwisho wa .exe. Unaweza kuinakili kwa flashi hadi kompyuta ya kikundi, hata kama kompyuta hiyo haina Lazarus. Ukiendelea kujifunza, utaweza kuongeza kitufe cha kuhifadhi kila malipo kwenye faili. Hapo hifadhi bei ya siku hiyo pamoja na malipo, kwa sababu bei ya nyanya hubadilika na kumbukumbu ya jana isibadilike nayo. Weka nakala kwenye flashi kila jioni, na flashi hiyo isikae pamoja na kompyuta.

Kumbuka pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Majina na nambari za simu za wanachama ni habari zao binafsi. Hifadhi zile tu ambazo kazi inazihitaji, waeleze wanachama ni za nini, na usimpe mfanyabiashara orodha hiyo bila idhini yao.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayefanya somo la kompyuta katika KCSE hutakiwa kutengeneza mradi wake mwenyewe, na kazi kama hii ni mazoezi mazuri. Kwa vijana waliomaliza shule, vyuo vya ufundi vya kaunti ni mahali pa kuulizia mafunzo ya kompyuta.

Siku utakayoipeleka programu kwenye mkutano wa kikundi, ionyeshe kwa malipo ambayo wanachama wenyewe wanayakumbuka. Mkulima akiona hesabu yake ya msimu uliopita imetoka sawa mbele ya macho yake, ataiamini. Na isipotoka sawa, ni heri muijue siku hiyo kuliko siku ya malipo.