Amplifaya ya Zamani: Tuitumie Bila Kuhatarisha Maisha

Kikundi kikipata amplifaya ya zamani ya gitaa, ile ya valvu za kioo, hufurahi, maana sauti yake ni nene na tamu. Lakini kabla hatujaiwasha, tujifunze haya:

1. Tusome volti zilizoandikwa nyuma. Iliyotengenezewa Marekani hutaka kama 120. Stima yetu Kenya ni 240. Bila transfoma ya kupunguza, itaungua.

2. Tuangalie plagi. Nyingi za zamani zina waya mbili tu, hazina waya ya athi. Kukiwa na hitilafu, anayeshika gitaa huku mdomo wake umegusa maikrofoni anaweza kuuawa na stima. Fundi atie waya ya tatu kwanza.

3. Spika iunganishwe kabla ya kuwasha. Tukipiga bila spika, transfoma ya ndani yaweza kuungua.

4. Besi yataka spika yake. Fender Bassman ilitolewa mwaka 1952 kwa ajili ya besi. Spika ndogo ya gitaa la kawaida hupasuka besi ikipigwa kwa nguvu.

5. Tusiifungue wenyewe. Ndani mwaweza kuwa na volti 400 na zaidi. Hata plagi ikichomolewa, kapasita hubaki na stima ya kuua.

Tusione haya kumngoja fundi. Haraka haraka haina baraka.

Tujadiliane: Plagi yetu ina waya ngapi? Mtu akishikwa na stima, nani anajua meni suichi iko wapi?