Usimeze Kwanza
Kijitabu cha kaya kuhusu kipimo cha damu cha homoni ya estrojeni

Kwa nini tunakuandikia

Wanawake wanakuja kliniki na mfuko wa chupa na vidonge. Namuuliza mmoja: nani amekwambia una mvurugiko wa homoni? Muuza dawa. Mwingine ni shoga yake, mwingine ni tangazo la redio. Umepimwa? Hapana. Umemeza? Ndiyo, miezi mitatu sasa.

Hapo kazi imeshaharibika mara mbili. Dawa imeshabadilisha damu, kwa hiyo tukipima tunaona dawa, hatuoni mwili wako. Na ule ugonjwa wenyewe umepata miezi mitatu ya kukua bila kusumbuliwa.

Usimeze kwanza. Onwa kwanza.

Kipimo chenyewe

Damu kidogo inatolewa kwenye mshipa wa mkono. Kwenye karatasi ya majibu utaona neno estradiol au E2. Hiyo ndiyo estrojeni inayopimwa zaidi. Kwa kipimo hiki peke yake huhitaji kushinda na njaa. Zahanati nyingi hazina mashine yake, kwa hiyo utaandikiwa kwenda hospitali kubwa au maabara.

Nani apimwe

Si kila mtu. Msichana aliyefika miaka 15 hajavunja ungo, aletwe aonwe. Mwanamke ambaye hedhi imepotea miezi 3 aje, lakini aanze na kipimo cha mimba, maana wengi wanaosema "homoni" ni wajawazito. Ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40, asingoje. Vilevile wanandoa waliotafuta mtoto mwaka mzima bila kupata. Mke akiwa amepita miaka 35, miezi 6 inatosha kuja.

Mama wa miaka 45 na zaidi ambaye hedhi inarukaruka na usiku anaamka amelowa jasho, mara nyingi hahitaji kipimo hiki. Maelezo yake yanatosha. Asilipie bure.

Kwa mume

Mkitafuta mtoto, nawe upimwe.

Andika tarehe

Estrojeni hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja. Siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi, mara nyingi huwa kati ya 20 na 80. Yai linapokaribia kutoka, inaweza kupita 200. Kwa aliyekoma hedhi, kawaida huwa chini ya 30. Basi 250 ni namba ya kutuliza moyo katikati ya mwezi, na ni namba ya kuuliza maswali siku ya 3. Mwanamke asiyejua tarehe yake anatuletea namba tusiyoweza kuisoma.

Siku ya 1 ni siku damu inapotoka kama hedhi yako ya kawaida. Matone ya jana yake usiyahesabu. Kwa wanaotafuta mtoto, daktari kwa kawaida huagiza damu itolewe siku ya 2 hadi ya 4.

Angalia pia kilichoandikwa pembeni ya namba. Namba nilizotaja hapo juu ni za maabara zinazoandika pg/mL. Nyingine huandika pmol/L, na hapo namba hukua karibu mara 3.67 kwa damu ileile. Majibu ya 50 huku ni kama 184 kule. Nimeona mama akilia na karatasi mbili mkononi, akidhani homoni zimepanda, kumbe amebadilisha maabara tu.

Usifiche

Mwambie anayekutoa damu kila kinachoingia mwilini mwako: sindano ya uzazi wa mpango, vidonge vya majira, kijiti. Taja mitishamba ya kusafisha kizazi au kuzibua mirija. Taja dawa za kuongeza makalio au matiti. Hata muuzaji hajui zina nini ndani. Taja vitamini za nywele na kucha, kwa sababu nyingi zina biotini, na biotini nyingi hudanganya baadhi ya mashine. Sema kama unanyonyesha.

Usiache uzazi wa mpango kwa uamuzi wako ili upimwe, unaweza kubeba mimba. Uliza kwanza.

Kama mume hajui kuhusu sindano yako, mwambie nesi mkiwa wawili tu. Hatutamwambia.

Hatari ya kumeza ovyo

Hapa sisemi habari ya uzazi wa mpango uliopewa kliniki baada ya kuulizwa afya yako. Huo endelea nao. Nasema habari ya dawa ya kusawazisha homoni iliyonunuliwa kwa kukisia.

Dawa zenye estrojeni zinaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye presha, kwa mvutaji sigara aliyepita miaka 35, na kwa aliyewahi kuganda damu. Aliyeugua saratani ya titi asiziguse. Mama aliyejifungua hajafikisha wiki 6 asiziguse. Mwenye kizazi chake akinywa estrojeni peke yake kwa muda mrefu, anajiweka katika hatari ya saratani ya kizazi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla, kichwa kikipasuka kuliko siku zote, ulimi ukiwa mzito: hospitali saa hiyohiyo. Usilale nayo.

Usimeze kwanza.

Damu baada ya hedhi kukoma

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Hedhi imekoma mwaka mzima au zaidi, halafu damu inaonekana, hata tone moja kwenye kanga. Majirani watasema homoni. Wewe njoo wiki hii.

Nilimpokea mama aliyetokwa damu miezi minane. Miezi yote hiyo alikuwa anakunywa dawa ya kusawazisha homoni, na kila chupa ilipoisha alinunua nyingine. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mabadiliko yake yakionekana mapema hutibiwa yasifike huko. Angekuja mwezi wa kwanza, tungekuwa na mengi ya kumfanyia.

Kipimo cha homoni hakionyeshi saratani hiyo. Mlango wa kizazi lazima uangaliwe, na ni kazi ya dakika chache. Ukitokwa damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, usimeze kitu. Njoo.

Majibu yakitoka

Usiyapeleke duka la dawa. Mrudishie aliyekuandikia kipimo.

Kata hapa, uje nayo

Siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho: ....................

Siku niliyotolewa damu: ....................

Ninatumia (sindano, vidonge, kijiti, mitishamba, vitamini): ....................

Ninanyonyesha: ndiyo / hapana

Nimeona damu baada ya hedhi kukoma: ndiyo / hapana