Utunzaji wa Mama Mja Mzito Katika Milima ya Kyondo



Katika somo la baiolojia tumejifunza jinsi mtoto anavyokua tumboni mwa mama yake. Tumechora kondo la nyuma na kamba ya kitovu, mwalimu akasahihisha, tukafunga madaftari. Leo napenda tuendelee na somo lile lile nje ya darasa, huku kwenye milima ya gombolola ya Kyondo, ambako mama mwenye mimba hulima mhogo na maharagwe, huchuma kahawa, huteka maji bondeni na kuyapandisha mpaka nyumbani. Wengi wetu ni watoto wa akina mama wa namna hiyo. Nitaeleza kwanza hesabu ya siku, halafu vipimo, halafu hatari, na mwisho maandalizi ya nyumbani. Hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa mno, nayo hayahitaji daktari.

1. Hesabu ya siku

Mtu hawezi kujiandaa kwa siku asiyoijua. Daktari mmoja Mjerumani, Franz Naegele, alituachia kanuni rahisi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Mama aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 10 Machi atazamie kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba. Mtoto aweza kutangulia au kuchelewa kwa majuma mawili, lakini jamaa watajua kuwa tangu mwanzo wa Desemba mama asiachwe peke yake. Asiyejua kusoma asaidiwe na binti yake au mhudumu wa afya wa kijiji.

2. Vipimo

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama mja mzito aonane na mkunga au mganga mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kutimia. Wapo wanaongoja mpaka tumbo lionekane, kwa kuogopa maneno ya watu. Msichana aliyepata mimba akiwa shuleni huchelewa zaidi, kwa kuwa huificha.

Tazameni wanachokosa. Damu ya mama hupimwa. Akionekana ana virusi vya Ukimwi hupewa dawa za kila siku, nazo humkinga mtoto. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Vidonge vya madini ya chuma na foliki huongeza damu, maana mama mwenye damu haba hana akiba siku ya kutokwa na damu. Shinikizo la damu hupimwa, na mkojo hutazamwa kama una protini, kwa sababu shinikizo hupanda kimya kimya mpaka likaleta kifafa cha mimba. Huchomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Tangu mwezi wa nne hupewa vidonge vya kuzuia malaria, pamoja na chandarua chenye dawa, kwa kuwa vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, na mtoto akazaliwa mdogo na dhaifu. Mimba inapokaribia kukomaa mkunga hupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, kichwa chini au mkingamo.

3. Neno "amezoea"

Kwetu Wakonzo jina la mtoto hutaja zamu yake. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Ukiyasikia majina ya nyumba moja, waweza kukisia mama yao amezaa mara ngapi. Hesabu hiyo ina maana kwa mkunga pia. Anayezaa kwa mara ya kwanza, uchungu wake waweza kuwa mrefu, hasa akiwa msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa. Naye aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi, mji wake wa mimba waweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka, damu ikamwagika. Damu hiyo yaweza kumwua mtu mzima kwa saa mbili tu. Basi tukisikia ikisemwa nyumbani, "Huyu amezoea kuzaa, hana haja ya kwenda zahanati," tujue kwamba huyo ndiye mwenye haja kubwa.

Dalili za hatari ni hizi, na yafaa kila mtu wa nyumbani azijue kwa moyo: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa ya maji kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza, na uchungu uliozidi saa 12 bila mtoto kutoka. Ikionekana hata moja, safari ianze saa ile ile.

4. Machela

Mwaka juzi nilikuwa mmoja wa vijana tuliobeba machela ya mke wa jirani yetu. Ilikuwa mimba yake ya sita, naye alikuwa amekwenda kupimwa mara moja tu. Uchungu ulimwanza Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mtoto alikuwa hajatoka. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kwenda Kongo kwa biashara, na wazee wakasema tumngoje, kwa kuwa ndiye mwenye fedha na ndiye mwenye kauli. Akafika jioni. Mvua ilikuwa imenyesha, njia utelezi, bodaboda zikakataa kupanda. Tulimbeba karibu saa tatu mpaka barabarani, tukipokezana wanane, na kila tulipoteleza alilia kwa sauti ndogo. Hospitalini tukangoja tena saa nzima, kwani daktari wa kupasua alikuwa ameitwa kwingine. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Mama alipona, mtoto hakupona.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nikaupima usiku ule kwa kipimo hicho. Hospitalini tulipoteza saa moja, njiani saa tatu, lakini nyumbani tulipoteza mchana kutwa. Barabara ya Kyondo hatuwezi kuitengeneza sisi wanafunzi, wala hatuwezi kuajiri daktari. Mchana ule uliopotea ulikuwa wetu sisi.

5. Maandalizi ya nyumbani

Tangu Machi 2001 ada ya matibabu iliondolewa katika vituo vya serikali ya Uganda. Hata hivyo maskini bado ana gharama: nauli, chakula cha anayemwuguza, na vifaa ikiwa kituo kimeishiwa. Hospitali za makanisa, kama Kagando kule Kisinga, zina ada zake. Kwa hiyo jamaa wajiandae hivi:

(a) Waamue mapema atazalia wapi. Kituo cha afya cha daraja la tatu kina mkunga wa kuzalisha, lakini hakina chumba cha kupasulia. Mwenye hatari apangiwe kituo cha daraja la nne au hospitali, kama Kagando au Bwera.

(b) Fedha ziwekwe kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza, katika kikundi cha akiba au katika mkebe, hasa wakati wa kuuza kahawa. Ziwe mahali ambapo mama mwenyewe aweza kuzichukua.

(c) Mume atamke mbele ya wazee, "Nisipokuwapo, msiningoje." Maneno hayo hayana gharama.

(d) Mwenye pikipiki ajulikane, na vijana wa machela wajulikane kwa majina. Pawe na watu wawili walio tayari kutoa damu.

(e) Kanga safi, sabuni, glavu, wembe mpya na uzi wa kitovu viwe katika mfuko mmoja mlangoni.

(f) Mama wa mbali ashuke mapema, akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali mpaka siku yake.

6. Je, yawezekana?

Yawezekana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Uganda, walikufa akina mama 336 kwa sababu ya uzazi. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 189. Jirani zetu wa Kabarole, pamoja na Kamwenge, Kibaale na Kyenjojo, walianza mwaka 2012 mpango wa kupunguza kuchelewa kote kutatu kwa pamoja, na kwa miaka mitano vifo vya uzazi huko vilipungua kwa asilimia 44. Na kuhusu kuchelewa kwa tatu, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua Agosti 2020 kwamba serikali inapokosa kumpa mama huduma za lazima za uzazi inavunja haki zake. Basi serikali ina sehemu yake, na nyumba ina sehemu yake.

Maswali ya kujipima

1. Mama alianza hedhi yake ya mwisho tarehe 4 Mei. Atazamie kujifungua lini?
2. Kwa nini aliyezaa mara sita huhitaji mkunga kuliko aliyezaa mara mbili?
3. Taja dalili tano za hatari bila kutazama kitabu.
4. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu: mama akishikwa na uchungu usiku huu na baba hayupo, ni nani atakayesema "twende"? Andika jibu lake, ulilete darasani.