Oili ya giaboksi ya otomatiki: ibadilishwe au iachwe?

Wenye magari wengi katika kaunti yetu wanajua siku ya kubadilisha oili ya injini. Fundi huandika kilomita kwenye kijikaratasi akakibandika mlangoni, na dereva hukiangalia kila anapoingia. Ukiwauliza kuhusu oili ya giaboksi, utapata jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Hiyo haibadilishwi, ni ya maisha." La pili: "Ukiigusa tu, giaboksi inakufa." Majibu yote mawili yana ukweli kidogo ndani yake, na kwa sababu hiyo yamewapotezea watu wetu pesa nyingi.

Tuanze na hilo la oili ya maisha. Halikutungwa na mafundi wa jua kali. Kampuni kadhaa zinazounda magari zimewahi kuandika katika vijitabu vyao kwamba oili hiyo hudumu maisha yote ya gari. Lakini maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo huunda giaboksi za magari kama BMW, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au gari likifikisha miaka 8. Anayeuza gari jipya anahesabu miaka ya mteja wake wa kwanza. Anayeunda giaboksi anajua kuna wa pili na wa tatu.

Sisi ndio hao wa pili na wa tatu. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo magari mengi yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani yana miaka 6, 7 au karibu kabisa na 8. Linapofika kwako Embu, Runyenjes au Nkubu, "maisha" yale yameshapita au yamebaki kidogo, na kwa kawaida hujui kama mwenyewe wa kwanza aliwahi kubadilisha oili hiyo. Kisha wewe unapanga kulitumia miaka 10 mingine.

Tena unalitumia wapi? Barabara ya kutoka Embu hadi Meru inapita ubavuni mwa Mlima Kenya, na mito mingi inayotoka mlimani inaikata: Ena, Thuci, Nithi na mingine mingi. Kila mto ni mteremko na kupanda. Katika giaboksi ya otomatiki, oili inafanya kazi zaidi ya kulainisha. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipitisha kwenye konveta, ndiyo inayosukuma na kubana klachi za ndani, na ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Gari lililojaa likipanda polepole, oili inakorogwa ndani ya konveta na joto linapanda. Joto ndilo linaloichosha oili. Probox inayotoka Mbeere na magunia ya muguka hadi dirishani, au Fielder inayobeba abiria tisa kupanda Chuka (tusijifanye hatuzioni), inaiunguza oili haraka kuliko gari kama hilo likienda dukani mara moja kwa wiki katika mji tambarare wa Japani. Ukisoma vijitabu vya magari utakuta sehemu ya matumizi magumu: milima, mizigo, vumbi, safari fupi fupi. Hapo muda wa kubadilisha oili hufupishwa. Hayo ndiyo matumizi yetu ya kila siku.

Kwa maoni yangu, gari la kazi katika milima hii lisipitishe kilomita 60,000 bila oili ya giaboksi kubadilishwa, na kama lina giaboksi ya CVT, kilomita 40,000 zinatosha. Kijitabu cha gari lako kikitaja muda mfupi zaidi, fuata hicho. Gari ulilonunua karibuni na linabadilisha gia bila shida, libadilishie mapema, usisubiri dalili.

Maana dalili ndizo zinazozaa lile jibu la pili. Dereva anaona gari linachelewa kushika akiweka D au R, au linapiga teke linapobadilisha gia, au injini inanguruma mlimani na gari halisongi. Hapo ndipo anakumbuka oili. Fundi anaitoa nyeusi, inanuka kuungua, anaweka mpya. Baada ya wiki mbili gari linasimama, na mtaa mzima unasema oili mpya ndiyo iliyoua. Ukweli ni kwamba klachi zilikuwa zimeisha. Oili mpya haiwezi kurudisha kilicholika. Giaboksi iliyofika hapo inahitaji kufunguliwa na kukaguliwa, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujanunua oili.

Kuna kosa jingine ambalo limeharibu giaboksi nyingi, nalo ni kuweka oili isiyofaa. Mimi mwenyewe lilinipata. Gari langu ni la CVT. Katika gereji moja kijana alifungua nati akidhani ni ya injini, akamwaga oili ya giaboksi. Alipogundua, alijazia ile nyekundu ya kawaida iliyokuwa karibu. Gari lilienda vizuri siku chache, kisha nikitoka Meru likaanza kuteleza kila nilipopanda. Nilimaliza safari nikifuatwa na honi za matatu, na bili iliyofuata sitaitaja hapa.

CVT haina gia za hatua kama otomatiki ya zamani. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, na oili yake imeundwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiweka ATF ya kawaida, mkanda unateleza na kuzikwaruza puli. Magari tunayoyapenda yana aina tofauti, kwa hivyo jina la gari pekee halitoshi. Probox za zamani zina otomatiki ya gia nne. Zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 2014 zina CVT. Nissan Note nyingi ni CVT. Hata otomatiki za kawaida za Toyota hazinywi oili moja: nyingine hutaka T-IV, nyingine WS. Nissan CVT hutaka NS-2 au NS-3 kulingana na mwaka. Usiamini rangi. Soma kijitabu au maandishi ya dipstiki, na ununue mkebe wenye jina hilo hasa. Kama mkebe una alama ya ubora ya KEBS, tuma herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali kwa 20023 ili kuhakikisha si bandia.

Kazi yenyewe si ya kuharakisha. Oili inamwagwa kwa kufungua nati ya chini, na kwa kawaida hutoka chini ya nusu, kwa sababu nyingine inabaki ndani ya konveta. Hilo si tatizo. Kwa gari lenye kilomita nyingi ni afadhali kumwaga na kujaza mara mbili au tatu, ukiendesha kilomita elfu moja hivi katikati, kuliko kuisukuma yote kwa mashine siku moja na kusukuma uchafu pamoja nayo. Fundi akifungua trei, asafishe sumaku zilizomo na aangalie filta. Pima kilichotoka, urudishe kiasi hicho hicho. Magari mengi ya sasa hayana dipstiki ya giaboksi: oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwaka, na oili ikiwa na joto lililotajwa na kampuni, ambalo kwa Toyota nyingi ni takribani nyuzi 40. Fundi anayekadiria kwa macho, mwache.

Ukiwa barabarani, usipande Thuci na Nithi kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho. Ukiteremka, tumia L, 2, S au B, kulingana na gari lako, ili injini isaidie breki. Na kamwe usiweke N kwa kudhani unaokoa mafuta.

Oili chafu nayo isimwagwe kwenye mtaro. Mitaro ya mji wa Embu inateremka hadi Rupingazi, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, na kabla kazi haijaanza muulize fundi wako anaipeleka wapi.