Mkorosho na Jamaa Zake: Ukoo wa Mmea Unavyomsaidia Mhudumu wa Afya

Mbanguaji wa korosho kutoka Newala au Masasi afikapo zahanati akiwa na vidole vilivyobabuka na kuwa vyeusi, mhudumu asiyeuliza kazi yake aweza kudhani ameungua kwa moto. Jawabu limo katika ukoo wa mmea wenyewe.

Mkorosho una asili ya Brazili. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliupa jina la Anacardium occidentale, na leo umo katika familia Anacardiaceae, yenye jenasi 80 hivi na spishi 800 hivi. Mwembe, mng'ongo na mti uzaao pistashio ni jamaa zake. Sifa mojawapo inayowaunganisha ni mifereji ya utomvu ndani ya gome. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadi na kadoli, kemikali ziunguzazo ngozi. Ganda la embe nalo lina kemikali za jamii hiyo. Ndiyo maana baadhi ya watu hutokwa na upele midomoni wamenyapo embe kwa meno.

Hapa pana maradhi mawili yasiyopaswa kuchanganywa.

La kwanza hutokana na ganda. Mbanguaji na avae glavu, au apake mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi. Yakimgusa mafuta ya ganda, aoshe upesi kwa sabuni na maji mengi, wala asijifute macho. Moshi wa maganda pia huwasha macho na kifua; watoto wakae mbali.

La pili hutokana na protini za kiini, nalo ni mzio. Mgonjwa aliyekula korosho kisha akavimba midomo, akabanwa pumzi au kuzirai, achomwe sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja bila kuchelewa. Baadaye aepuke pia pistashio, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za korosho.

Karanga si jamaa ya korosho. Ni ya jamii ya kunde. Hata hivyo, mtu mmoja aweza kuwa na mzio wa zote mbili, hivyo apimwe kwa kila moja.

Basi, mhudumu, kabla ya kuandika dawa, uliza: mikono hii ilishika nini, na kinywa hiki kilikula nini?