Kipumulio cha Mzunguko: Kinavyofanya Kazi, na Jinsi ya Kukichagua

Wasomaji, chukueni bilauri ya maji ya chokaa katika chumba cha sayansi, mtie mrija ndani yake, mpulize polepole. Baada ya muda mfupi maji yaliyokuwa maangavu huwa kama maziwa. Jambo hili wengi wenu mmelifanya, mkaandika daftarini kwamba pumzi yetu ina hewa ukaa na kwamba chokaa imeikamata, kisha mkalisahau. Somo letu la leo lasimama juu ya bilauri hiyo. Maana wako watu washukao chini ya maji mita 60, 80, hata zaidi ya 100, na roho zao zategemea kilo mbili au tatu za chokaa waliyoibeba mgongoni.

Nimelichagua somo hili kwa sababu mwanafunzi mmoja wa zamani wa hapa kwetu, ambaye sasa anafanya kazi ya uzamiaji pwani, ameuliza kwa barua anunue kipumulio cha namna gani. Tena ameonyeshwa kimoja kilichokwisha tumika, cha bei ndogo. Jibu lake litawafaa na wengine, hata wale wa Bwera na Kasese ambao hawajaingia maji ya kina kuliko ya mto Nyamwamba.

Hewa tunayovuta ina sehemu 21 za oksijeni katika kila sehemu 100. Hewa tunayoitoa bado ina sehemu 16 au 17. Basi mzamiaji wa kawaida mwenye mtungi, kila anapotoa mapovu, huitupa mali nyingi ambayo hakuitumia. Ni kama mtu apandaye kilima na ndoo ya maji, akifika anywe kikombe kimoja na kumwaga yaliyobaki. Tena hasara yazidi kwa kadiri anavyoshuka. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani. Katika mita 60 mgandamizo ni mara 7. Mtu afanyaye kazi hupitisha mapafuni lita 20 hivi kwa dakika. Katika kina hicho hutoa mtungini kiasi ambacho juu kingekuwa lita 140. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa mara 200 una hewa lita 2,400. Pigeni hesabu: juu utamtosha saa mbili, chini utamtosha dakika 17, na bado hajapanda.

Lakini mwili wenyewe hautumii lita 20. Hutumia lita moja tu ya oksijeni kwa dakika, au pungufu yake akitulia, na zaidi kidogo akihangaika. Na kiasi hicho hakibadiliki kwa kina. Hapo ndipo ilipo siri ya kipumulio cha mzunguko. Pumzi haitupwi. Hutoka mdomoni kwa bomba moja, huingia mfuko wa mpira au kitambaa kizito uitwao pafu la nje, hupita katika kopo la chokaa iliyochanganywa na soda kidogo, huko huacha hewa ukaa yake, hutiwa oksijeni mpya kidogo, kisha hurudi mdomoni kwa bomba la pili. Mtungi mdogo wa lita 3 una oksijeni lita 600, yaani ya saa nyingi. Ndiyo maana si oksijeni imalizikayo kwanza. Chokaa ndiyo imalizikayo, nayo kwa kawaida hudumu saa mbili au tatu.

Ikimalizika, je? Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, wanalo neno: mazuku. Ni mabonde madogo katika mawe ya volkano ambamo hewa ukaa hutoka ardhini ikalala chini kama maji, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mbuzi akiingia asubuhi haamki tena, na watu wamekufa humo. Mzamiaji ambaye chokaa yake imechoka amejitengenezea mazuku ndani ya mfuko wake. Huanza kuhema, kichwa humuuma, hofu humshika, na pumzi humwenda mbio hata hawezi kukitoa kifaa kinywani ashike kingine.

Fundi Mwingereza Henry Fleuss ndiye aliyefanya kipumulio cha kwanza cha namna hii kilichofaa kazi, nacho kilipewa hataza mwaka wa 1878. Mwaka wa 1880 njia ya reli iliyokuwa ikichimbwa chini ya mto Severn ilikuwa imejaa maji, na ilibidi mlango wa chuma ulio ndani sana ufungwe. Mzamiaji Alexander Lambert alijaribu kwanza kwa vazi la zamani lenye mpira wa hewa kutoka juu, lakini mpira ulikuwa mrefu na mzito, ukamshinda kuuvuta. Akavaa kifaa cha Fleuss, akaenda gizani zaidi ya futi 1,000, akaufunga. Baadaye vifaa vya jamii hiyo vikawa vya waokoaji wa migodini. Wakati wa msiba wa Courrières huko Ufaransa, mwaka wa 1906, waokoaji kutoka Ujerumani walikuja wamevaa vile vya Dräger. Wazee wetu waliochimba shaba ya Kilembe, ile iliyoleta reli Kasese mwaka wa 1956, hawahitaji kuelezwa kwa nini mchimbaji huogopa hewa mbaya kuliko jiwe.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kifaa bora kwa hesabu si lazima kiwe bora kwa kazi. Mwaka wa 1953 juu ya mlima Everest, Bourdillon na Evans walipanda tarehe 26 Mei na vipumulio vya mzunguko. Walikwenda mbio kuliko wengine, wakafika kilele cha kusini, lakini kifaa cha Evans kilisumbua baada ya kubadili kopo la chokaa, muda ukawaishia, wakarudi. Siku tatu baadaye Hillary na Tenzing walifika juu kabisa na vifaa vya kawaida.

Kwa upande wa maji, faida imeonekana karibu nasi. Samaki mdogo wa rangi ya zambarau, Cirrhilabrus wakanda, alielezwa na wataalamu mwaka wa 2019 kutoka miamba ya Zanzibar iliyo katika kina cha mita 50 hadi 80. Kina hicho ni kikubwa mno kwa mtungi wa kawaida na ni kidogo mno kwa manowari za utafiti. Wazamiaji wa California Academy of Sciences hukifanyia kazi kwa vipumulio vya mzunguko.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Swali la kwanza ni kama unakihitaji. Ziwa George kwa wastani halifikii mita 3. Anayetaka kipumulio cha mzunguko huko anataka kuonekana tu. (Na katika mfereji wa Kazinga viboko hawatamuuliza amevaa nini.) Ziwa Edward ni jambo jingine, kwani kina chake kwenye upande wa Kongo hupita mita 110. Kwa kazi ya mita 20, ya kukagua gati au kutafuta nanga, mtungi wa kawaida ni salama zaidi, maana ukiharibika hukupigia kelele: hewa huisha, nawe wajua. Kipumulio cha mzunguko huua kimya.

Kimya hicho chatoka kwenye oksijeni, na hapa naomba msome polepole. Tuuite mgandamizo wa hewa ya pwani 1. Oksijeni tunayovuta huko basi ina mgandamizo wa 0.21. Ikishuka chini ya 0.16 mtu hulegea na kuzimia, tena bila onyo lolote, akijiona yu mzima. Ikipita 1.6 aweza kushikwa na kifafa, naye akiwa majini hufa maji. Ndiyo sababu oksijeni tupu haivutwi chini ya mita 6. Mzamiaji wa kina huchanganya hewa, au hewa yenye heliamu, na oksijeni, akaiweka kwenye 1.3 hivi kila mahali. Angalieni mfano huu: mtu yuko mita 20, mgandamizo ni 3, mfukoni mna sehemu 10 za oksijeni katika 100. Oksijeni yake ni 0.3, hana neno. Valvu yake imeziba na hajui. Akapanda hadi juu, oksijeni ikawa 0.1. Azimia karibu kabisa na mashua, rafiki zake wakimtazama.

Ni nani basi atakayelinda kipimo hicho, mashine au mkono? Vifaa viko vya namna mbili. Katika kimoja kompyuta husoma kipimo, na kikipungua hufungua valvu ya umeme yenyewe. Katika kingine oksijeni hupenya daima katika tundu dogo, pungufu kidogo ya ile mwili unayotumia, na mzamiaji huongeza iliyobaki kwa kubonyeza kitufe. Wenye kupenda mkono husema kwamba mtu alazimikaye kubonyeza hutazama kipimo, na atazamaye hafi. Wenye kupenda mashine husema kwamba mtu akiwa na kazi mikononi husahau, na mashine haisahau. Wote wana haki. Mimi nikiangalia mahali tulipo, mbali na mafundi, pengine penye umeme wa kukatika na vumbi lisilokatika, naelekea upande wa mkono kwa kazi zisizozidi mita 60 au 70. Kwa kuwa kile chenye tundu, kwa kawaida, hupoteza nguvu yake ya kutia oksijeni kwenye mita 80 au 90, kulingana na kilivyopangwa. Kwa kina zaidi, mashine. Lakini hata mwenye mashine hana ruhusa ya kutotazama.

Kipimo chenyewe ni seli ndogo zinazofanya umeme zikiguswa na oksijeni. Huzeeka hata zikikaa kabatini, na hubadilishwa baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Iliyozeeka haikuambii kwamba imezeeka. Huenda ikasoma vizuri hadi 1.1, kisha isipande tena hata oksijeni ikizidi; mashine ikiona 1.1 huongeza, ikaongeza tena, hata mtu akafikia kifafa. Ndiyo maana huwekwa seli tatu, na kompyuta hufuata zile mbili zinazokubaliana. Ni kura. Na kura ina shida zake: seli mbili zilizonunuliwa siku moja, zikazeeka siku moja, humshinda yule mmoja msema kweli. Basi nunua seli kwa nyakati mbalimbali, na uchague kifaa kinachokuonyesha namba za zote tatu, si jibu la kompyuta peke yake.

Kuhusu kile cha bei ndogo alichoonyeshwa mwenzetu, aulize tarehe za seli, na auone mtungi una alama ya kupimwa. Atazame mabomba na mifuko kama imepasuka mikunjoni. Akizibe na kukivuta pumzi: kikiingiza hewa popote, kitaingiza maji, na maji yakigusana na chokaa hufanya uji mkali uunguzao koo. Aulize kama kiwanda bado chatengeneza vipuri. Halafu ajumlishe bei ya seli mpya, mabomba mapya, na mafunzo, kwa maana hati ya kifaa kimoja haimruhusu mtu kutumia kingine. Mara nyingi hesabu hufikia karibu na kipya, ambacho ni dola elfu kadhaa. Chokaa nayo si ile ya kupaka nyumba, wala haihusiani na mawe ya Hima, ingawa ni jamaa. Ni ya punje maalumu, hushindiliwa kwa uangalifu ili pumzi isipate njia ya mkato, na ikitumika haitunzwi kwa siku nyingine kwa ajili ya ubahili.

Kitu kimoja nisingekubali kukikosa, nacho ni valvu ya mdomoni igeuzwayo kwa mkono mmoja, ikamtoa mtu kwenye mzunguko na kumpa hewa ya mtungi wa kawaida papo hapo. Mtungi huo wa akiba huchukuliwa daima, wenye hewa ya kutosha kupandia kutoka mahali pa chini kabisa. Wako wanaouacha kwa kuwa ni mzito.

La mwisho ni la sisi watu wa milimani. Vitabu vingi vya vifaa hivi vimeandikwa kwa ajili ya pwani. Ziwa Edward liko zaidi ya mita 900 juu ya bahari, ambapo mgandamizo wa hewa ni karibu 0.9. Ukizisahihisha seli kwa oksijeni tupu hapo, ukweli ni 0.9, kifaa kisicho na barometa yake kitaandika 1.0. Kuanzia hapo kila namba itakuwa kubwa kuliko kweli: unaposoma 1.3 una 1.17, na naitrojeni mwilini imezidi ile iliyohesabiwa, hata vituo vya kupandia vikawa vifupi mno. Mwulize muuzaji jambo hilo kabla ya rangi na uzito, na kama hajui kulijibu, tafuta muuzaji mwingine.