SOMO LA FAMILIA: Kuchagua Masomo Wakati Mtoto Hajui Atakuwa Nani

Maandiko ya kusoma: Danieli 1:1-21, Yeremia 28 na 29:1-14, Matendo 18:1-4



Kila mwaka, muhula wa tatu unapokaribia kwisha, watoto wetu walio S2 wanaulizwa shuleni: mwaka ujao utasoma masomo gani? Jioni swali hilo linafika nyumbani. Baba anasema udaktari. Mama anasema uuguzi, maana muuguzi hakosi kazi. Mtoto anainamisha kichwa na kusema, "Sijui." Mara nyingi ugomvi unaanzia hapo, kana kwamba "sijui" ni uvivu au kukosa heshima.

Mwezi huu tujifunze jambo moja: mtoto anaweza kuchagua vizuri hata kama hajui kazi atakayofanya. Linalotakiwa ni ajue milango ambayo hapaswi kuifunga mapema.

1. NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliochukuliwa mateka kutoka Yuda. Walifika Babeli, wakapewa majina mengine, wakaingizwa katika shule ambayo hawakuiomba. Mfalme aliamuru wafundishwe maandishi na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3. Hatusomi popote kwamba siku ile Danieli alijua mambo atakayoyafanya uzeeni. Tunasoma kwamba alijifunza, na Mungu akambariki katika elimu ile.

Angalieni yaliyofuata. Nebukadneza alipita. Belshaza akatawala, akauawa. Dario akachukua ufalme, tena Koreshi. Serikali zilibadilika, lakini Danieli aliendelea kuhitajiwa, kwa sababu elimu yake haikumfaa mfalme mmoja tu. Wala hakuuza imani yake ili asome. Alikataa chakula cha mfalme, na masomo akayashika.

Akila na Prisila nao walifukuzwa. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi watoke Roma, wakafika Korintho. Walipoondoka Roma, ufundi wao wa kushona mahema ulikuja nao. Kwa ufundi huo walipata chakula, na wakaweza kumkaribisha Paulo nyumbani mwao.

Tukumbuke pia Hanania na Yeremia. Hanania aliwaambia watu kwamba mambo yote yatarudi katika miaka 2, na watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa kwamba itakuwa miaka 70, kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani na walee watoto. Kijana anayesema "nitasoma kwa bidii tukishajua tunakwenda wapi" anamsikiliza Hanania.

2. SHULE YENYEWE INATAKA NINI?

Wazazi wengi tulisoma Kongo, ambako mwanafunzi anachagua mkondo mapema: ualimu, biashara, kemia na biolojia, na mingine. Hapa Uganda utaratibu ni tofauti, na ni vizuri tuuelewe kabla ya kumkemea mtoto.

Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE wa mtaala huo ulifanyika mwaka 2024. Katika S1 na S2 mwanafunzi ana masomo 12: masomo 11 ya lazima na 1 la kuchagua. Kuanzia S3 anakuwa na masomo 8 au 9. Kati ya hayo, 7 ni ya lazima kwa wote: Kiingereza, Hesabu, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia pamoja na Elimu ya Siasa. Kwa hiyo anachochagua kweli ni somo 1 au 2 tu, kama vile Kilimo, Kompyuta, Ujasiriamali, Kifaransa, Kiswahili, Elimu ya Dini, Sanaa au Lishe, kulingana na masomo ambayo shule yake inafundisha.

Hii ni habari ya faraja. Mtoto wa S2 asiyejua atakuwa nani bado hajapotea. Masomo yatakayomfaa muuguzi, mhandisi, mwalimu au mwanasheria yote yamo katika yale 7.

Lakini hatari ipo, nayo imejificha. Kijana anaposema, "Mimi si mtu wa sayansi," anaendelea kukaa darasani wakati wa Kemia, ila moyo umetoka. Hakuna aliyempa karatasi ya kuacha somo, lakini ameshaliacha. Na mtihani wa mwisho si alama zote: katika UCE, alama 20 kwa 100 zinatokana na kazi anazofanya shuleni, na 80 zinatokana na mtihani wenyewe. Anayengoja S4 ndipo aamke, sehemu ya alama zake imeshapita.

Uchaguzi mzito unakuja S5. Hapo mwanafunzi anachukua masomo makuu 3. Anayetaka udaktari atahitaji Biolojia na Kemia. Anayetaka uhandisi atahitaji Hesabu na Fizikia. Aliyechukua Historia, Jiografia na Uchumi anaweza kwenda kwenye sheria, biashara au ualimu, lakini kurudi kwenye udaktari ni vigumu sana. Aliyechukua sayansi anaweza baadaye kuhamia biashara au sheria kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kijana mwenye alama nzuri za sayansi, na ambaye bado hana uhakika, asiharakishe kuiacha. Yule ambaye sayansi inamshinda kweli, ingawa amejitahidi, asisukumwe huko kwa sababu ya sifa. Masomo makubwa aliyoyafeli hayatamfungulia kitu.

3. PIMENI KILA SOMO KWA NJIA TATU

Familia zetu zina njia tatu mbele yao: kurudi nyumbani, kubaki hapa, au kupelekwa nchi ya tatu. Hakuna hata moja tunayoweza kuipangia tarehe. Januari 2025 Goma ilitekwa, na Februari Bukavu ikafuata. Januari ile ile Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapewa tarehe ya ndege ziliambiwa zingoje. Mtu aliyechagua masomo kwa kufuata njia moja tu alibaki anashika kichwa.

Basi chukueni karatasi, mchore safu tatu: KURUDI, KUBAKI, KWENDA MBALI. Kwa kila somo jiulizeni: litamfaa mtoto katika safu ngapi?

Kiingereza na Hesabu vinafaa katika zote tatu. Hapo hakuna mjadala, ni kutia bidii tu.

Kifaransa tusikidharau. Kongo, shule, ofisi na mtihani wa Diploma ya Serikali vinatumia Kifaransa. Vilevile kinafaa Kanada na Ubelgiji. Mtoto aliyeanza shule Bukavu au Uvira ana msingi wake tayari, na akikiacha kabisa hapa anafanana na yule mtumishi aliyechimba shimo na kuficha talanta yake.

Kiswahili nacho si lugha ya sokoni tu. Ni moja ya lugha 4 za taifa za Kongo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji walimu wa Kiswahili, na watoto wetu wanakizungumza tangu wakiwa mgongoni.

Kilimo, Kompyuta na Ujasiriamali vinafaa hasa kwa safu ya kubaki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Lakini ujuzi wa kutunza udongo, kutumia kompyuta au kuandika daftari la mapato na matumizi, mtu anaweza kuubeba popote.

Somo linalojaza safu tatu litangulie. Linalojaza safu moja lichukuliwe kama mtoto analipenda sana na ana uwezo nalo.

4. MTAZAMENI MTOTO MWENYEWE

Msimwulize tu, "Unataka kuwa nani?" Swali hilo hata watu wazima linatushinda. Mwulizeni hivi:

- Ni somo gani unalolifanya bila kusukumwa?
- Wenzako wanakuja kukuomba msaada katika somo gani?
- Ni somo gani gumu kwako, lakini ukielewa unafurahi?

Baadaye tazameni matokeo yake ya mihula yote, si ya muhula mmoja. Alama mbaya za muhula mmoja zinaweza kuwa za malaria, njaa au mwalimu aliyehamishwa.

Mtoto aliyefika hapa akijua Kifaransa tu anaweza kufeli Biolojia kwa sababu ya lugha, wala si kwa sababu ya akili. Mkimwuliza swali lile lile kwa Kiswahili akalijibu vizuri, mmejua tatizo liko wapi. Huyo anahitaji msaada wa Kiingereza, asiambiwe aache sayansi.

Na mabinti zetu? Tusiwapeleke wote kwenye Lishe na wavulana kwenye Kompyuta. Binti mwenye hesabu nzuri amepewa na Mungu kipawa kile kile.

5. MITEGO YA KUEPUKA

a) Kumfuata rafiki. Rafiki anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na somo likabaki na mtoto wako.

b) Somo lisilo na mwalimu. Kabla ya kuandika jina la somo, nendeni shuleni mkaulize: mwalimu yupo? Vifaa vipo? Kuna gharama za mazoezi? Kompyuta bila kompyuta ni kukariri tu.

c) Ndoto ya mzazi. Baba aliyekatizwa masomo na vita ana kidonda cha kweli, na tunamheshimu. Lakini mtoto hakuzaliwa ili amalizie shule ya baba yake. Baba atoe shauri, aeleze sababu zake, halafu asikilize.

d) Karatasi zisizolingana. Hakikisheni jina la mtoto shuleni ni lile lile lililo kwenye karatasi zake za ukimbizi, kabla hajaandikishwa kwa mtihani wa UNEB. Tunzeni vyeti na buletini za Kongo mahali pakavu. Vyeti vya sekondari vya nje vinalinganishwa na UNEB, na bila karatasi hakuna cha kulinganisha.

6. BAADA YA S4

Kuna anayeendelea S5, na kuna anayekwenda chuo cha ufundi kujifunza umeme, ushonaji, ujenzi au ufundi wa magari. Tusimwite huyu wa pili "aliyeshindwa". Paulo alisoma kwa Gamalieli na pia alishona mahema, na hatusomi kwamba aliionea haya kazi ya mikono yake.

Kwa wanaolenga chuo kikuu, upo ufadhili wa DAFI kwa wakimbizi, unaosimamiwa na UNHCR tangu mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Nafasi ni chache kuliko waombaji, na alama za sekondari zinatazamwa. Hii ni sababu nyingine ya kutodharau hata somo moja kati ya yale 7.

Mwisho, wapendwa, kuchagua masomo si kuapa. Kuna watu waliosoma hili wakafanya kazi ile, na Mungu akawatumia. Kinachomharibia kijana ni kukaa bila kushika lolote kwa sababu kesho haijulikani. Kesho haikujulikana hata kwa Danieli. Alishika somo la siku ile, akaomba kama alivyozoea, na milango ikafunguka kwa wakati wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Danieli alikataa nini Babeli, na alikubali nini? Sisi tukatae nini hapa, na tukubali nini?
2. Ni ujuzi gani uliokuja na familia yetu tulipokimbia? Umetusaidiaje?
3. Chora zile safu tatu. Ni masomo gani ya mtoto wetu yanajaza safu zote?
4. Kuna somo ambalo mtoto ameliacha moyoni bila kutuambia? Tumsaidie namna gani? Nani katika kanisa analijua somo hilo?
5. Mzazi amwambie mtoto jambo moja analoliona zuri katika akili yake.

MAOMBI

Bwana, wewe unajua tutakapokuwa, nasi hatujui. Wape watoto wetu bidii ya leo na amani juu ya kesho. Utupe sisi wazazi masikio ya kusikiliza. Kile watakachojifunza katika nchi hii ya ugeni, kiwe baraka kwao na kwa watu wako popote utakapowapeleka. Kwa jina la Yesu. Amina.